Kionjo Kisichokatwa

"Sikiri," alisema Fundi. "Na mkirudi kuniuliza kesho, kesho pia sikiri."

Inspekta aliweka kalamu mezani. Alikuwa amekaa na msichana huyu tangu asubuhi katika chumba cha mahojiano chenye feni mbovu. Kilichomchosha hakikuwa ukaidi wa mtuhumiwa. Kilikuwa kichwa cha mkuu wa kituo, kilichochungulia mlangoni kila mara kuuliza, "Bado tu?" Bado, ndiyo. Kwani kukiri ni chai, kwamba unainamisha birika inamiminika?

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi mno, na ndiyo maana Inspekta hakuipenda. Wimbo mpya wa Bi Chiriku, mwimbaji anayependwa na wakubwa kwa wadogo, ulikuwa umevuja kabla ya siku yake ya kutoka. Ulikuwa umezagaa kwenye simu za watu, vinyozi wanaupiga, wauza mitumba wanaupiga. Studio yake huuza nyimbo kwa njia ya programu ya simu, na kila wimbo unaopitia humo hufungwa kwa kufuli: huwezi kuunakili, huwezi kumtumia rafiki, unasikiliza peke yako kwenye simu uliyolipia. Mkurugenzi wa studio alifika kituoni mwenyewe, koti begani, akasema mwizi anamjua. Ni fundi wake wa programu, yule aliyeandika sehemu inayoingiza nyimbo zilizofungwa ndani ya simu. Nani mwingine angeweza kufungua kufuli hilo? Mkuu wa kituo hakutaka kusikia zaidi. Mchana huu Fundi alitakiwa asimame mbele ya hakimu, na kwa jinsi jina lake lilivyokuwa likitajwa redioni, hata akija kushinda kesi, nani angempa tena kazi ya kulinda hata mlango wa choo?

"Nieleze tena hilo kufuli," Inspekta alisema. "Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Wewe umeshaelewa, afande."

"Nimeelewa. Mkuu hajaelewa, na yeye ndiye anayesaini."

Fundi akavuta pumzi, akaanza upya. Simu yenyewe, alisema, ina mlango ambao watengenezaji wake wamewaachia mafundi wa programu. Programu aliyoiandika inafika mlangoni na kifurushi kilichofungwa, inakikabidhi kipande kwa kipande, na kuanzia hapo kazi ni ya simu. Simu ndiyo inafungua, inakagua ruhusa, kisha inafunga upya kwa kufuli lake ambalo halifunguki kwenye simu nyingine yoyote. Ufunguo hautoki nje. Yeye mwenyewe hajawahi kuuona. Kazi yake ni moja tu: simu ikisema kuna kitu kinatoka, aipe faili tupu la kukiwekea. Kifurushi cha studio hudai faili mara mbili. Mara ya kwanza unatoka wimbo, umefungwa, unawekwa ndani ambako programu yao peke yake ndiyo inaweza kuupiga. Mara ya pili kinatoka kionjo, kile kipande kifupi cha kuwaonjesha watangazaji na wateja. Hicho hakina kufuli, kinawekwa nje kwenye folda ya Vionjo, kila mtu akione.

"Mimi ni mpagazi," alimalizia. "Napokea mzigo, nauliza uwekwe wapi. Ndani ya mzigo mna nini, aulizwe aliyeufunga."

"Nani anafunga?"

"Mkurugenzi. Kwa mikono yake. Hataki mtu aguse."

Inspekta aliandika hilo, akalipigia mstari. Kisha akauliza swali alilokuwa ameliweka akiba. Mumeo anafanya kazi gani? Hapo ndipo Fundi alipoinamisha macho kwa mara ya kwanza. Mumewe ana kibanda. Anawawekea watu nyimbo kwenye simu.

Mkuu wa kituo, ambaye alikuwa mlangoni tena, alicheka kwa pua. "Mke anafungua, mume anauza. Andika, Inspekta, tukale."

Inspekta akasimama, akachukua funguo za gari. Alisema angekula baadaye.

Kibanda kilikuwa kati ya fundi saa na muuza vocha, spika mbili nje na kompyuta moja ndani iliyofunikwa kitambaa kuikinga na vumbi. Mwenyewe watu walimwita Memori, kwa sababu ya vikadi vya simu vya kuhifadhia nyimbo alivyovitundika shingoni. Alipoona kitambulisho cha polisi hakuhangaika kuficha kitu. Alizima spika, akavuta kigoda cha mgeni, akakipangusa kwa kiganja.

Inspekta alimuuliza kama anao wimbo wa Bi Chiriku. Anao. Ameupata wapi? Kwa mteja. Mtu mmoja wa tai, mwenye haraka zake, alitaka nyimbo za zamani, akaacha simu yake ikiwa imechomekwa. Na desturi ya Memori, ambayo hakuona haya kuitaja, ni kwamba yeye akimwekea mteja nyimbo, naye huchukua za mteja. Ndivyo mali inavyokua katika kazi hiyo.

"Hilo ni kosa, unajua?"

"Najua, dada. Nikamate hata sasa hivi, nifunge kibanda tuondoke. Lakini mke wangu hajui kwamba wimbo huo uko hapa. Angejua ningelala nje. Huyo ni mtu anayenigombeza nikipiga wimbo wa wizi nyumbani nikinyoa ndevu."

Inspekta alimtazama vizuri. Kijana alikuwa amekondeana kwa kukosa usingizi, na mtoto wao alikuwa amepelekwa kwa nyanya yake, lakini hakupepesa macho. Akamwambia aupige huo wimbo. Auanze mwanzo, na asiukate.

Wimbo ulikuwa mzuri, lazima tuseme haki. Bi Chiriku alikuwa akimsema mtu aliyemwahidi makubwa akampa madogo, na alimsema bila kupaza sauti, jambo linaloumiza zaidi. Watu wawili walisimama nje kusikiliza. Ala ziliponyamaza Memori akanyoosha mkono kuzima, Inspekta akamzuia. Wimbo ulikuwa umekwisha lakini faili lilikuwa bado linakwenda. Kikasikika kiti kikivutwa, kisha kicheko cha mwanamke mtu mzima, kisha sauti ileile ikisema, "Nipeni maji basi, koo limekauka."

"Hiyo imo siku zote?" Inspekta aliuliza.

Imo siku zote, na wateja huipenda kuliko hata wimbo. Inspekta akaomba kuona mahali faili lilipo kwenye kompyuta. Memori hachambui anachokichukua. Hunakili folda nzima kama ilivyo na jina lake. Ile aliyoichukua kwa mtu wa tai ilikuwa bado na jina lilelile. Vionjo.

Inspekta alilisoma jina hilo mara mbili. Wimbo wenye kufuli hauwekwi kwenye Vionjo. Huko kunawekwa kipande. Basi kipande gani hiki, chenye mwanzo, mwisho, na maji ya kunywa?

Studioni walimkaribisha kwa heshima zote, wakamkalisha kwenye sofa la ngozi chini ya picha za Mkurugenzi akipeana mikono na watu. Mkurugenzi alimwita binti. Inspekta alikuwa na watoto wawili wa sekondari na hakupenda kuitwa binti na mtu waliyelingana umri, lakini alimeza. Aliomba jambo moja. Aletewe kifurushi cha wimbo huo kama kilivyotumwa mapema kwa watangazaji, akiingize mwenyewe kwenye simu ya kituo iliyo tupu.

"Nilishawapa kituoni," Mkurugenzi alisema. "Kielelezo namba moja. Niliapa nacho."

Inspekta alijibu kwamba anacho, nakala yake imo hapo mkobani. Akakiingiza mbele yake. Simu ilikipokea, ikafikiri, ikadai faili la kwanza, ikadai la pili, kisha ikakifuta kifurushi chenyewe, maana ndivyo inavyofanya ikimaliza ili kisipitishwe kwingine. Akapiga wimbo uliofungwa kwa programu ya studio. Ala zikanyamaza, na wimbo ukaishia hapohapo. Hakuna kiti, hakuna kicheko, hakuna maji. Akapiga kionjo kwa kipiga muziki cha kawaida cha simu. Beti moja, kiitikio kidogo, kimya.

Akamuuliza mbona mwisho wa wimbo wa kuuza ni safi hivyo. Mkurugenzi akaeleza kwa fahari kwamba wimbo wa kuuza husafishwa na fundi wa sauti. Kikohozi, viti, porojo, yote hutolewa. Sauti ghafi, ile yenye kila kitu, inabaki kwenye mashine yake katika chumba cha ndani, na ufunguo wa chumba hicho anatembea nao.

"Basi uliovuja haukutoka kwenye wimbo uliofungwa," Inspekta alisema. "Una kicheko ambacho wimbo uliofungwa hauna. Mtu hawezi kufungua sanduku akatoa kisichokuwemo."

Mkurugenzi akacheka. Kumbe msichana ni mbaya kuliko alivyodhani. Kumbe ameiba hadi kwenye mashine ya ndani. Inspekta akamkumbusha kwamba amesema hivi punde ufunguo anatembea nao yeye. Mkurugenzi akasema mafundi wa kompyuta hawahitaji ufunguo. Kila tundu lilikuwa na kizibo chake, na vizibo vyote vilikuwa na jina la Fundi.

"Na kionjo unakitengenezaje?"

"Mwenyewe."

"Najua ni wewe mwenyewe. Unafanyaje? Unakata?"

Swali hilo lilimkera waziwazi. Akasema yeye si mchinjaji, yeye wimbo hakati. Alianza kazi hii wakati wimbo unarekodiwa mara moja na bendi nzima, na mtu aliyekata wimbo alikuwa anafukuzwa. Halafu akajikumbuka, akatazama saa, akasema ana wageni.

Inspekta alitoka na maneno hayo. Mtu asiyekata wimbo amepataje kionjo kilichokatwa? Lakini maneno si ushahidi. Aliwapigia watangazaji waliotumiwa kifurushi, na wote wakaapa kwamba wameshafuta kila kitu, kwani nani anataka kukutwa na wimbo wa wizi siku polisi wakiwa njiani? Vifurushi navyo, kama alivyoona kwa macho yake, hujifuta vikishaingizwa. Mkuu wa kituo alipiga simu kuuliza yuko wapi. Gari la mahakamani lilikuwa limeshawashwa. Inspekta akamwambia mtandao unakatika, akazima simu. Uongo mtupu, na hakujuta.

Kifurushi kikishaingizwa kinafutika. Na kisipoingizwa je? Aliomba msaidizi wa studio amsomee waliotumiwa, akajibiwa ni watangazaji, na bila shaka mama mwenyewe. Mama mwenyewe nani? Bi Chiriku.

Bi Chiriku alikuwa kibarazani anachambua mchele, miwani puani, na hakuinuka. Alisema polisi wamechelewa, yeye alikuwa ameshajiandaa kwenda kwa mwanasheria, na ameapa kwamba yeyote aliyeumwaga wimbo wake atamfikisha pabaya, awe mdogo awe mkubwa, na mkataba na studio hiyo ataurarua kama wao ndio waliozembea. Inspekta akaelewa kwa nini Mkurugenzi alihitaji mwizi upesi namna ile. Kisha akamuuliza kama wimbo huo aliusikiliza kwenye simu yake siku alipotumiwa.

"Sijausikia tangu nilipouimba, mwanangu. Walinitumia. Simu ikanigombeza, ati nafasi haitoshi. Nikaiambia, basi kaa nao."

"Haitoshi kwa nini?"

Bi Chiriku akampa simu aone mwenyewe. Wajukuu. Wajukuu wanakula, wajukuu wanalala, mjukuu mmoja amepigwa picha kila siku ya maisha yake. Katikati ya wajukuu wote hao, kwenye vitu vilivyopakuliwa, kifurushi kilikuwa kimelala kama kilivyotumwa, kizima, hakijaguswa. Simu ilikosa pa kukiweka na programu ikaacha kila kitu palepale. Mkurugenzi alikuwa amehesabu kwamba watu wote wa redio watafuta, akamsahau mwenye wimbo.

Inspekta hakukigusa. Alijua angekiingiza pale kingejifuta, na hapo hata malaika asingemsaidia. Alimwita jirani awe shahidi, akakinakili kikiwa bado kimefungwa, akaitia simu kwenye bahasha ya kielelezo, jirani akasaini, Bi Chiriku akasaini. Kisha Bi Chiriku akauliza picha zake zitakuwa salama. Inspekta akamwahidi kwamba hakuna mjukuu atakayepotea.

Alipofika kituoni Fundi alikuwa ameshatolewa mahabusu, amesimama kwenye ukumbi karibu na askari wa kike, na Mkurugenzi alikuwa amekuja kuhakikisha gari linaondoka. Mkuu wa kituo alikuwa mwekundu wa macho. Inspekta hakumpa nafasi ya kuanza. Alisema anaomba muda mfupi ofisini, watu wote wanne, na kama baada ya hapo mkuu bado anataka kwenda mahakamani, yeye ataendesha gari mwenyewe.

Waliingia. Akaweka mezani simu nyingine tupu ya kituo. Akamwambia Fundi asimame ukutani, mikono nyuma, asiguse kitu, ili mtu asije kusema kuna mchezo umechezwa. Kisha akaeleza kifurushi hiki kimetoka wapi, na alipotaja jina la Bi Chiriku, Mkurugenzi alikaa vizuri kwenye kiti chake.

Simu ilipokea. Ikadai faili la kwanza. Ikadai la pili. Inspekta alikifungua kionjo kwanza kwa programu ya studio. Beti moja, kiitikio kidogo, kimya. Mkuu wa kituo akasonya, akasema ni kilekile, tumepoteza muda. Mkurugenzi akapumua.

"Hiyo ni programu ya studio," Inspekta alisema. "Sasa tusikilize kwa kipiga muziki cha kawaida, kama anavyofanya mtu barabarani."

Akabonyeza. Beti moja. Kiitikio. Na wimbo ukaendelea. Ukaingia beti la pili, la tatu, Bi Chiriku akimsema yule mtu wake bila kupaza sauti. Mkuu wa kituo alisogeza mkono kama anataka kuzima, akauacha hewani. Ala zikanyamaza, kiti kikavutwa, mwanamke akacheka, akaomba maji.

Fundi ndiye aliyezungumza kwanza, kwa hasira, bado akiwa ukutani, mikono nyuma.

"Hukukata. Uliweka wimbo mzima, tena ule ghafi wa mashine yako, ukauwekea alama ya kusimama. Programu yangu inatii alama. Programu nyingine hazijui hata kama ipo."

Mkurugenzi alijaribu kujitetea. Alisema kifurushi kimechezewa. Inspekta akamuuliza nani angekichezea ndani ya simu ya mwimbaji, wajukuu? Alisema hajui mambo ya alama. Inspekta akamsomea maneno yake mwenyewe, kwamba yeye hufunga vifurushi peke yake na kwamba wimbo hakati. Kwenye simu ya Mkurugenzi mwenyewe, yenye programu ya studio, kionjo kilisimama vizuri, akadhani kimekatika. Kwenye simu ya kila mtangazaji, yule wa tai wa kibandani akiwemo, ulikuwa umelala wimbo mzima, hauna kufuli, hauna mlango. Alipogundua, mtaa mzima ulikuwa unauimba. Ndipo akamtafuta mtu wa kukata kipande, akafunga kifurushi kipya, akakileta hapa akaapa ndicho kile cha kwanza. Kosa la kwanza lilikuwa la uzembe tu, na uzembe angesamehewa. La pili alilifanya akiwa na akili zake zote.

Mkurugenzi alitoa kitambaa akajifuta shingo. Alipozungumza tena hakuzungumza na Inspekta. Alimgeukia mkuu wa kituo, akasema kwa upole kwamba haya ni mambo ya kiufundi, bahati mbaya, na hakuna haja ya kupakana matope. Yeye anafuta malalamiko yake. Msichana aende nyumbani apumzike, wiki ijayo arudi kazini, yaishe.

Mkuu wa kituo aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyeshushiwa gunia. Akamgeukia Fundi. "Umesikia? Uko huru. Mlango ule."

Fundi alitoa mikono nyuma, akaisugua. Hakusogea.

"Siendi," alisema.

Mkuu akadhani hakumsikia. Akarudia kwamba hana kesi tena, mlalamikaji amefuta.

"Amefuta nini, mzee? Redioni nimeitwa mwizi. Mtaani mume wangu anaitwa mume wa mwizi. Nikitoka kwa mlango huo sasa hivi, nimetoka mwizi aliyehurumiwa na bosi wake. Sitaki huruma yake. Nipelekeni kwa hakimu kama mlivyopanga, gari si limewashwa? Nataka hakimu aulize, na huyu ajibu, na watu wasikie."

"Binti," Mkurugenzi alianza.

"Usiniite binti."

Inspekta alifurahi, na hakuona sababu ya kuficha. Ilikuwa furaha ya kweli, ya kifuani, ambayo hakuwa ameipata kazini kwa miaka. Mkuu wa kituo alimtazama kwa macho ya kuomba msaada, kisha kwa macho ya kuamuru. Akamwambia amtoe huyu mwanamke nje. Kituo si nyumba ya wageni.

"Afande, kumkamata mtu nimefundishwa," Inspekta alisema. "Kumfukuza asiye na kosa kituoni sijafundishwa. Na mimi mwenyewe bado nina kazi humu."

Akavuta karatasi safi. Mkurugenzi alisimama, akachukua koti lake, akasema yeye ni mlalamikaji na amemaliza, mambo mengine wataongea na wakili wake. Mkuu wa kituo alifungua mdomo, akaangalia ile simu mezani, akafikiria Bi Chiriku na mwanasheria wake na redio zote, akaufunga. Akageukia dirishani, akawapa mgongo.

Mkurugenzi akaelekea mlangoni, na hapo akakwama. Fundi alikuwa amebeba kiti kutoka ukutani, amekiweka katikati ya mlango, amekaa, miguu ameikutanisha, mikono mapajani. Hakuwa anamzuia mtu. Alikuwa amekaa tu, akimtazama, na hakuonyesha dalili ya kuhama leo wala kesho.

"Rudi ukae," Inspekta alimwambia Mkurugenzi, akifungua kalamu. "Tunaanza na jina lako kamili, na la baba yako."